Barua Kabla ya Makala

Mkimbizi wa kisiasa anayeishi Eastleigh au Kayole, mitaa ya Nairobi, akiamua kuwaandikia wafanyakazi wa Kenya, kosa lake la kwanza huwa ni lile walilolifanya wengi kabla yake: anaanza na makala. Anakesha akijaza kurasa kumi kuhusu mabepari na vibaraka wao, kisha anamtumia komredi aliye karibu na wasomaji na kumwomba "arekebishe Kiswahili tu." Komredi anarekebisha Kiswahili. Kijitabu kinatoka, na baada ya wiki mbili kinafungia njugu.

Waliofanikiwa katika kazi hii walianza na barua, tena barua zenye hoja chache na maswali mengi. Mkate ni pesa ngapi? Mshahara hutolewa siku gani? Mnyapara mnamwitaje akiwa hayupo? Hoja mkimbizi anazo tayari, ndizo zilizomfukuzisha kwao. Asichokuwa nacho ni maisha ya msomaji wake, na hayo yatamfikia tu kupitia mwenzake anayeyaishi na aliye tayari kuyaandika.

Mfano mzuri wa kuuliza ni wa mwaka 1880. Karl Marx alikuwa ameishi London miaka zaidi ya 30, na wasoshalisti wa Ufaransa wakamwomba awatungie maswali ya kuwapelekea wafanyakazi wa nchi yao. Jarida la La Revue socialiste likayachapa Aprili mwaka huo, na nakala 25,000 zikatolewa za kusambazwa. Maswali ni kama 100, katika mafungu manne, na mengi yanauliza kitu kinachohesabika au kinachoonekana kwa macho. Kiwanda ni cha mtu mmoja au cha wenye hisa? Hewa inapita? Vyoo viko hali gani? Mashine zimewekewa vizuizi? Mapumziko ya kula ni ya muda gani, na mnakula wapi? Kwenda na kurudi kazini kunakula muda gani? Mnalipwa kwa muda au kwa kipande, na mnangoja muda gani kabla ya kulipwa? Kodi ya nyumba je, na bei ya chakula?

Maelekezo yake yanafaa kunakiliwa kama yalivyo. Anayejibu aandike namba ya swali, asirudie swali lenyewe. Si lazima ajibu yote. Atoe jina na anwani ili aweze kufikiwa, lakini halitachapishwa bila idhini yake. Mambo haya matatu ndiyo hutenganisha majibu yanayotumika na rundo la malalamiko.

Hata hivyo majibu yaliyorudi yalikuwa machache, na sioni ajabu. Aliyesimama kwenye mashine kutwa nzima hana nguvu za kujibu maswali mia usiku kwenye mwanga wa taa. Ukiandika leo, tuma maswali saba kwa mara moja, yote ya jambo moja, na usitume saba mengine kabla ya kuonyesha kwamba yale ya kwanza umeyatumia. Mtu akiona jibu lake limegeuka kuwa sentensi katika rasimu, la pili atalijibu kwa urefu bila kusukumwa.

Tuseme mada ni viwanda vya nguo vya EPZ, yale maeneo ya viwanda vinavyouza nje, kule Athi River. Swali la "hali ya kazi ikoje?" litarudi na neno moja: mbaya. Uliza hivi badala yake. Unafika langoni saa ngapi, na mashine inawashwa saa ngapi? Nauli ya asubuhi ni shilingi ngapi, na siku ya mvua inapanda mpaka ngapi? Tageti ya laini yenu ni vipande vingapi kwa saa, na nani huipandisha? Msipoifikia, mnabaki bila malipo au mnakatwa? Kwenda choo unaomba ruhusa kwa nani? Kandarasi yako ni ya miezi mingapi, na ikiisha unakaa nyumbani siku ngapi kabla ya kuitwa tena?

Hilo la mwisho lina uzito ambao mgeni hawezi kuuona. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazotimia mwezi mmoja, au akifanya kazi ambayo haitarajiwi kuisha ndani ya miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, na haki za mfanyakazi wa mwezi humfuata. Ndiyo maana kuna waajiri wanaowaambia vibarua wapumzike siku chache kabla mwezi haujatimia. Mwandishi wa ugenini ataona mapumziko. Komredi wa Athi River anajua kwamba hesabu imekatwa makusudi, na makala nzima inaweza kusimama juu ya siku hizo chache.

Makato nayo huharibu makala nyingi kwa sababu hubadilika upesi. Anayeandika leo kwamba mfanyakazi anakatwa NHIF, ile bima ya afya ya zamani, atapoteza msomaji hapo hapo, kwa kuwa tangu Oktoba 2024 kinachokatwa ni cha SHA iliyochukua nafasi yake, asilimia 2.75 ya mshahara ghafi. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, na mwajiri naye hutoa kiasi hicho hicho. Michango ya NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, imepandishwa kwa awamu tangu 2023. Kila tarakimu ya namna hii iandikiwe pembeni ya rasimu tarehe iliyothibitishwa na aliyeithibitisha, na ikiwa imepita miezi mitatu iulizwe tena kabla ya kuchapa. Msomaji hujua mshahara wake kuliko anavyojua kitu kingine chochote. Ukikosea hapo, hatakuamini uendapo kwenye siasa.

Baada ya hesabu yanakuja maneno. Friedrich Engels, rafiki wa Marx na Mjerumani aliyekuwa akiishi Uingereza tangu miaka ya 1840 iishe, mwaka 1881 aliandikia The Labour Standard, gazeti la kila wiki la vyama vya wafanyakazi lililotoka London. Makala yake ya kwanza, ya Mei, hakuianza kwa istilahi zake. Aliianza kwa kauli ambayo vyama hivyo vilikuwa vikiitumia kwa miongo mingi: ujira wa haki wa siku kwa kazi ya haki ya siku. Akaishika kauli hiyo na kuuliza: haki hiyo imepimwa na nani, kwa mizani gani? Mwisho wa makala msomaji yuko mbali sana na alikoanzia, lakini alipandia kituo anachokijua.

Nairobi kituo kama hicho ni "kazi ni kazi." Hayo ni maneno ya watu wa mjengo, wa mkokoteni na wa kufua nguo, hata kabla wanasiasa hawajayapandisha jukwaani. Mwandishi akianza na "tabaka la wafanyakazi katika mfumo wa ubepari tegemezi" hana wa kumsikiliza. Akianza hivi: kazi ni kazi, sawa, lakini mbona ya zege inalipwa ukionekana tu, na ya kiti inalipwa hata mwenyewe akiwa likizo? Hapo mtu wa mjengo ataweka karai chini kidogo. "Thamani ya ziada," yaani ile anayobaki nayo mwajiri baada ya kulipa ujira, inaweza kungoja ukurasa wa nne, na inapofika ifike ikiwa na hesabu: shati moja, dakika ngapi, shilingi ngapi kwa mshonaji, shilingi ngapi dukani.

Kwa hiyo pamoja na maswali, mwombe komredi karatasi ya maneno yenye safu tatu. Ya kwanza ni neno lako wewe mwandishi. Ya pili ni neno linalotumika kazini. Ya tatu ni neno lililoandikwa kwenye kandarasi au hati ya mshahara. Utashangaa mara ngapi hayo matatu hayakutani. Wewe unasema msimamizi, kazini ni suupa au mnyapara, kwenye barua ya onyo ana cheo kirefu cha Kiingereza. Maneno arobaini yanatosha kwa sekta moja. Sheng, lugha ya mitaani ya Nairobi, itumie ndani ya alama za kunukuu tu, mtu akisema. Usiandike nayo hoja zako. Ya mtaa wa Dandora si ya Kawangware, na ya mwaka juzi inachekwa. Mgeni anayejilazimisha kuongea Sheng husikika kama mgombea wa udiwani.

Makhan Singh hakuwa mkimbizi hapa, lakini alilijua jambo hili kuliko wengi. Alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Nairobi 1927, akafanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake, na kuanzia 1935 akaongoza chama cha wafanyakazi ambacho baadaye kilifungua mlango kwa watu wa rangi zote. Vikaratasi vya chama vilitoka kwa Kiswahili, Kipunjabi na Kigujarati. Chama chenye mtu anayejua kupanga herufi kina faida ambayo hotuba haiwezi kuileta: kosa la lugha huonekana mezani kabla halijafika barabarani.

Jambo hili lina upande wake wa pili, wa Mkenya anayewaandikia wafanyakazi wa kule alikokwenda. Jomo Kenyatta alikuwa mhariri wa gazeti la Muigwithania hapa Nairobi mwaka 1928, akiwaandikia kwa Kikuyu watu waliojua ardhi ipi ilichukuliwa na nani. Mwaka 1929 akafika London, na Oktoba mwaka huo alikuwa tayari anaandika kuhusu ardhi katika Sunday Worker, na Januari 1930 katika Daily Worker, magazeti ya wakomunisti wa Uingereza. Mada haikubadilika, ila msomaji mpya ni mtu wa mgodini au bandarini ambaye babu yake wa mwisho kuwa na shamba hamjui. Kwake "kipande" ni sauti tupu. Ukimwambia ni hati ya kazi, ataona karatasi mfukoni. Ukimwambia ilikaa ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni, yenye alama za vidole na jina la mwajiri, na kwamba kuondoka bila mwajiri huyo kuitia sahihi ni kosa la jinai, atalinganisha na kadi yake mwenyewe bila kuambiwa. Kanuni ni kueleza kitu kwa umbo lake, na kulinganisha kumwachie msomaji. Walinganishaji wa haraka huandika "ni kama kwenu," na msomaji anayejua kwao hukuta si kama kwao.

Tafsiri ina mitego yake. Marx alipoanza kuandikia New York Daily Tribune, gazeti la Marekani, Kiingereza chake kilikuwa bado kizito. Mfululizo wa kwanza, wa 1851 na 1852 kuhusu mapinduzi ya Ujerumani, uliandikwa wote na Engels ukatoka kwa jina la Marx, na uliaminika kuwa wa Marx hata baada ya wote wawili kufa. Baada ya hapo Marx aliandika kwa Kijerumani, barua ikaenda Manchester, Engels akaitafsiri baada ya kazi za ofisini mchana, ikarudi London ili iwahi meli ya Liverpool. Siku za kutuma zilikuwa Jumanne na Ijumaa. Malipo yalikuwa pauni 1 kwa makala mwanzoni, baadaye 2. Mnyororo wa namna hiyo hukatika mahali pale pale kila mara, kwa mfasiri aliyechoka. Kama komredi wako ndiye anayetafsiri, mpe siku tatu zaidi ya anazosema zinamtosha, na mwandikie sentensi fupi. Sentensi yenye viunganishi vinne ikitoka Kifaransa, Kiamhari au Kiarabu kuja Kiswahili hufika ikiwa imevunjika mguu.

Tafsiri nzima usiitafsiri tena kinyume ili kuikagua. Ni kupoteza muda. Kagua vitu vitatu tu, neno kwa neno: majina, tarehe na tarakimu. Mwaka 1852 Joseph Weydemeyer, rafiki wa Marx aliyehamia New York, alichapa maandishi ya Marx kuhusu mapinduzi aliyoyafanya Louis Bonaparte, mpwa wa mfalme Napoleon, huko Ufaransa. Jalada likatoka limeandikwa "Louis Napoleon." Kwa msomaji wa haraka ni mtu yule yule. Kwa mwandishi aliyetumia kurasa nzima kuonyesha kwamba mpwa si mjomba, kosa la jalada liliharibu nusu ya kazi. Weydemeyer hakuwa mzembe, alikuwa amekaukiwa pesa. Gazeti lake lilikufa baada ya matoleo mawili, na uchapaji wenyewe uliwezekana kwa sababu fundi cherehani mmoja, mhamiaji kutoka Frankfurt, alitoa akiba yake yote, dola 40.

Pesa zikiwa za fundi cherehani, hesabu ya karatasi haisameheki. Karatasi ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne za A5, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Ukiandika kurasa tisa umelipia kumi na mbili. Kijitabu cha kurasa nane ni karatasi mbili. Nakala 500 ni karatasi 1,000, yaani rimu mbili za karatasi 500, na ongeza hamsini za kuharibika, maana mashine za uchapaji za River Road, Nairobi, hazina huruma upande wa pili. Ukurasa wa A5 kwa herufi za pointi 11 hubeba takriban maneno 300. Toa jalada la mbele na la nyuma, unabaki na kurasa sita, maneno 1,800. Hapo ndipo kurasa kumi za ubeberu zinapokatwa bila kubembelezana. Karatasi moja ya A4, ile inayouzwa kama ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ina uzito wa gramu 5, kwa hiyo nakala zote 500 ni kilo 5, mzigo wa mkoba wa sokoni.

Uzito ndio uliofanya barua za wakimbizi wa karne ya 19 ziandikwe kwa herufi za sisimizi. Uingereza kuanzia 1840 barua ya ndani ya nchi ilitozwa peni 1 mradi isizidi nusu aunsi, kama gramu 14. Watu waliandika kwenye karatasi nyembamba na kujaza hata pembeni.

Barua pia hufunguliwa. Giuseppe Mazzini, Mwitalia aliyekimbilia London mwaka 1837, alishuku kwamba posta inamfungulia zake. Akawa anatia ndani mbegu ndogo, chembe za mchanga na unywele. Mpokeaji asipovikuta, jibu limepatikana. Mwaka 1844 jambo lilifika bungeni na likawa aibu kubwa kwa serikali. Miaka kama 60 baadaye Nadezhda Krupskaya, aliyeshughulikia barua za Iskra, gazeti la wanamapinduzi wa Urusi, akiwa na mumewe Lenin London kati ya 1902 na 1903, alikuwa na shida nyingine: mafumbo. Pasipoti ziliitwa leso, vitabu haramu viliitwa manyoya ya joto, na barua zenyewe zilionekana za ajabu kwa yeyote mwenye akili. Fumbo linalomfanya karani wa posta acheke ni baya kuliko kusema wazi.

Kwa simu za leo mbegu hazisaidii. Linalosaidia ni kutenganisha watu na habari zao. Majina yasiingie kabisa kwenye barua zenye tarakimu. Mpe kila mtoa habari herufi, na orodha ya herufi ikae kwa mtu mmoja kwenye karatasi. Usiombe picha ya hati ya mshahara, ina namba ya mfanyakazi. Omba anakili tarakimu kwa mkono. Futa mazungumzo baada ya kunakili, na angalia kama programu inahifadhi nakala kwingine bila wewe kujua. Hatari kubwa lakini iko ndani ya makala yenyewe: "mama wa watoto wanne, fundi pekee wa kike wa kukata kitambaa laini ya tatu" hana jina, lakini lango zima linamjua. Badilisha vitu viwili kati ya hivyo, au acha.

Mkimbizi aliyeko Kenya aangalie pia mkataba wa OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati huo, wa 1969 kuhusu wakimbizi. Ibara ya tatu inazitaka nchi zilizotia sahihi ziwazuie wakimbizi kushambulia nchi nyingine mwanachama, na magazeti na redio yametajwa kwa majina, pamoja na silaha. Kuandika kuhusu tageti za Athi River ni jambo moja. Kuweka ukurasa wa mwisho wito dhidi ya rais wa kwenu ni jingine, na ukurasa huo unaweza kumponza hata aliyechapa. Tenganisha vijitabu.

Mahusiano na mhariri yaandikwe kabla ya toleo la kwanza. Engels alidumu The Labour Standard kuanzia Mei hadi Agosti 1881 tu, makala 11, zote bila jina. Mhariri George Shipton alipotaka mistari fulani ibadilishwe katika makala ya Karl Kautsky iliyopitia kwa Engels, Engels aliona mwelekeo haulingani akajitoa. Alilalamika pia kwamba kwa miezi yote hiyo hakusikia mwangwi wowote kutoka kwa wasomaji. Kwa hiyo kubalianeni mapema: nani anaruhusiwa kukata, maneno mangapi, mwandishi ataonyeshwa kabla ya kuchapa au la, makala isiyotiwa jina itahesabiwa ni msimamo wa nani. Marx alikumbana na hilo la mwisho New York, makala zake zikigeuzwa tahariri za gazeti huku zile dhaifu zikiachiwa jina lake.

Mwangwi usingojwe, ufuatwe. Wiki mbili baada ya kugawa, komredi ajibu matatu: nakala zilizobaki ni ngapi, ukurasa gani watu walibishania, na neno gani waliuliza maana yake. Yakirudi "watu wamefurahi," uliza upya.

Na weka nakala za barua, zako na zake, pamoja na orodha ya anwani mahali pengine. George Padmore wa Trinidad, aliyekuwa akihariri The Negro Worker kutoka Hamburg, Ujerumani, jarida ambalo mabaharia walilipenyeza makoloni, alikamatwa Februari 1933 baada ya Hitler kushika madaraka, akafukuzwa kwenda Uingereza. Jarida likalazimika kuhamia Copenhagen. Makhan Singh alihifadhi karatasi kwa bidii ya karani, na zipo hadi leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwenye kila barua andika tarehe mbili, iliyoandikwa na iliyofika. Nafasi kati yake ikianza kurefuka bila sababu, badilisha njia.